Pua za masanamu ya Misri: nani alizivunja, na hako ka kwenu mkafanyeje?

"Shikamoo mwalimu. Kaka yangu alisoma Cairo miaka minne, aliporudi Tanga mwaka jana akamletea mama zawadi ya kasanamu ka mtu amekaa kwenye kiti, ka jiwe jeusi, urefu kama chupa ya soda, pua imevunjika. Aliyemuuzia alisema ni ka kale kweli kametoka kaburini, ndo maana hakana pua. Shangazi hataki tena kulala kwetu, anasema hilo ni sanamu la Mafirauni lina mapepo. Halafu kwenye grupu la familia mtu katuma video inasema masanamu yote ya Misri yalivunjwa pua na Napoleon ili dunia isijue kwamba wale walikuwa Waafrika weusi. Nimeangalia picha, kweli pua nyingi hakuna! Sasa nani alivunja, kwa nini pua tu, na hako ka kwetu tukafanyeje? Mama anataka kukatupa baharini."

Marahaba mdogo wangu, na mama mwambie asubiri kwanza, bahari haiendi popote. Umefunga mambo matatu kwenye fundo moja, kuna hasira ya yule wa video, kuna hofu ya shangazi, na kuna kasanamu kenyewe. Nikuambie mapema kitu ambacho labda hukutegemea, kati ya hao wote mwenye mawazo yaliyo karibu na Wamisri wa kale ni shangazi. Wa video yuko mbali kabisa.

Tuanze na Napoleon maana yeye anaisha haraka. Jeshi lake liliingia Misri Julai 1798. Sasa kuna Mdenmaki mmoja anaitwa Frederic Louis Norden alifika Giza, kule kwenye mapiramidi karibu na Cairo, mwaka 1737 akalichora lile sanamu kubwa la simba mwenye kichwa cha mtu, wenyewe Waarabu wanaliita Abul-Hol, na kwenye mchoro wake pua haipo. Napoleon kazaliwa 1769. Yaani pua ilikuwa imeshaondoka miaka zaidi ya thelathini kabla mama yake hajamzaa, utamlaumu vipi? Zaidi ya hapo alikuja na wasomi na wachoraji zaidi ya 150 kazi yao kupima na kuchora mahekalu, kwa hiyo mabaya yake yapo mengi tu lakini hili la pua tumwondolee.

Ya Abul-Hol ina maelezo ya zamani zaidi. Mwanahistoria wa Cairo, al-Maqrizi, aliyeandika karne ya 15, anasema mwaka 1378 mtu wa dini aliyeitwa Muhammad Sa'im al-Dahr aliwaona wakulima wanalipelekea lile sanamu sadaka ili mto ujae vizuri na mavuno yawe mengi, akaona hii ni shirki, akaliharibu uso. Je ndivyo ilivyokuwa neno kwa neno? Mi siwezi kula kiapo kwa habari ya mtu aliyeandika baadaye, ila waliolipima lile jiwe kwa karibu waliona alama za vyuma virefu vilivyopigwa ndani ya uso, kimoja kutokea juu kwenye mzizi wa pua na kingine kwenye tundu, halafu pua ikabanduliwa upande. Mzinga wa jeshi la Napoleon hauachi alama kama hiyo. Hiyo ni kazi ya mtu aliyepanda pale na nyundo yake na muda wake.

Hili la rangi sasa, na hapa sitaki kumcheka aliyetuma video, maana hasira yake ina chanzo. Kweli wapo wasomi wa Ulaya na Marekani karne ya 19 walioandika bila aibu kwamba ustaarabu mkubwa namna ile hauwezi kuwa na uhusiano na mtu mweusi, wakaing'oa Misri kwenye ramani ya Afrika kana kwamba Mto Nile unaanzia Ugiriki. Hilo lilifanyika na madhara yake tunayo hadi leo. Lakini lilifanywa kwa kalamu, pua hazihusiki. Angalia tu nyuso ambazo pua zimebaki, kuna kichwa kidogo cha mbao cha malkia Tiye kipo Berlin, sura yake ukikutana nayo sokoni Moshi hugeuki mara mbili, kuna sfinksi (simba mwenye kichwa cha mtu, kama Abul-Hol) ya mfalme Taharqa wa Kush iliyotoka Kawa huko Sudan, ipo London, pua yake nzima, midomo yake minene, masikio ya simba, kila kitu. Kuna sanamu ya mfalme Mentuhotep wa Pili pale Cairo, mweusi ti (yule alipatikana kwa sababu farasi wa mwanaakiolojia Howard Carter alijikwaa kwenye shimo, hizi ndo bahati), ingawa weusi wake nao usiutumie kama ushahidi wa ukoo, ule ni weusi wa mungu Osiris, rangi ya tope la Nile linalootesha. Mtu angekuwa anaficha Uafrika angeanza na hao. Halafu masanamu ya Kigiriki na Kirumi, ya watu weupe kabisa, nayo yamejaa majumba ya makumbusho bila pua. Hiyo video haikuwaonyesha hayo eti?

Umeuliza kwa nini pua tu. Rudi kwenye hizo picha zako uangalie tena taratibu. Utaona masikio yamenyofolewa, mikono imekatwa, macho yamechimbwa, yule nyoka anayesimama kwenye paji la uso la mfalme amevunjwa, na jina lililoandikwa ndani ya kile kiduara kirefu limekwanguliwa. Pua inaonekana zaidi kwa sababu ndiyo ya kwanza macho yetu kuitafuta usoni. Na jambo linalonifanya mi nisikubali kwamba zote zilivunjika kwa kuanguka ni hili, kwenye kuta za mahekalu kuna michoro iliyochongwa bapa, imeinuka kwenye ukuta kwa unene wa kucha hivi, haiwezi kuanguka wala kugongwa na punda aliyepita, na bado unakuta pua ya mungu imedonolewa kwa tindo, vidoti vidoti, na pembeni yake hakuna hata mkwaruzo. Aliyefanya vile alijua anatafuta nini.

Alikuwa anatafuta pumzi. Hapa ndo kiini cha mambo yote na naomba usome polepole.

Mmisri wa kale alikuwa hatengenezi sanamu ili ipendeze sebuleni. Neno lao mojawapo la mchongaji ni sankh, maana yake anayefanya kitu kiishi. Sanamu ilikuwa mwili wa akiba, mahali ambapo ile nguvu ya uhai ya mtu, waliyoiita ka, au mungu mwenyewe, inaweza kuingia na kukaa na kupokea chakula. Ila haiingii yenyewe tu. Sanamu ikishachongwa, na hata maiti ikishafungwa sanda, inafanyiwa ibada inayoitwa Kufungua Kinywa, kuhani anagusa mdomo kwa vifaa maalumu, kimojawapo ni tezo, hii hii ya seremala, ili kitu kile kiweze kupumua, kula, kusikia na kusema. Ukitaka kuiona, ipo kwenye ukuta wa kaburi la Tutankhamun, mrithi wake Ay kavaa ngozi ya chui, kashika kifaa kwenye usawa wa uso wa marehemu. Kuanzia hapo sanamu iko hai, na inatunzwa kama kitu kilicho hai.

Kule Abydos kwenye hekalu la mfalme Seti wa Kwanza kuta zinaonyesha hatua kwa hatua jinsi hiyo huduma ilivyokwenda kila siku. Alfajiri kuhani anakata lakiri ya udongo kwenye mlango wa kijumba kitakatifu, anafungua, anasujudu, anafukiza ubani, anaivua sanamu nguo za jana anaivika kitani safi, anaipaka mafuta, anaiwekea mkate na nyama na bia. Mungu akishakula, kwa maana yao, chakula kinawarudia makuhani wanakula kweli. Halafu mlango unafungwa, lakiri mpya, na kuhani anatoka kinyumenyume akifagia nyayo zake mwenyewe. Mi hiyo ya kufagia nyayo ndo huwa inanipata, yaani hata vumbi la mguu wa mtu lisibaki mbele ya mwenye nyumba.

Na kwenye michoro ya namna hiyo utaona mara nyingi mungu anamsogezea mfalme kile kimsalaba chenye kitanzi juu, ankh, alama ya uhai. Anamsogezea wapi? Puani. Uhai unaingilia puani. Sisi wenyewe kwa Kiswahili tunasema mtu amekata roho, kavuta pumzi ya mwisho, kwa hiyo hatuhitaji kuelezwa sana. Ukitaka kuiua sanamu bila kuhangaika kuvunja tani kadhaa za jiwe gumu, unakata pua, imekufa. Ukitaka isisikie dua unakata masikio. Ukitaka isitoe sadaka kwa miungu unavunja mkono unaotoa. Ukitaka mwenyewe asahaulike hata akhera unafuta jina.

Imani hii waliibeba mpaka kwenye maandishi. Kwenye baadhi ya vyumba vya kuzikia utakuta herufi zao zenye umbo la nyoka zimechorwa zikiwa zimekatwa vipande viwili, au mnyama amechorwa hana miguu, na aliyechora ni fundi yule yule wa kaburi, kwa makusudi, kwa sababu herufi ya nyoka ikiwa nzima usiku inaweza kumuuma marehemu. Yaani watu waliogopa herufi! Sasa sanamu ya mfalme ya mita kadhaa wataiogopaje?

Kwa hiyo wavunjaji wa kwanza wa sanaa ya Misri walikuwa Wamisri. Akhenaten, aliyetawala katikati ya karne ya 14 kabla ya Kristo, alipoamua Aten, mungu wa jua, ndiye wa kuabudiwa alituma mafundi nchi nzima kukwangua jina la mungu Amun, na walikwangua hata ndani ya jina la baba yake mzazi maana aliitwa Amenhotep na Amun yumo mle, wakapanda hadi kwenye ncha ya ile nguzo ya jiwe ya Hatshepsut pale Karnak, karibu mita 30 juu, kufuta mchoro ambao kutokea chini hakuna anayeuona. Alipokufa wakamlipa kwa kipimo kile kile, mahekalu yake Karnak yakabomolewa, mawe yake yakatiwa kama kifusi ndani ya malango ya wafalme waliofuata, na kwenye orodha ya wafalme 76 kule Abydos jina lake halimo.

Hatshepsut mwenyewe, yule mwanamke aliyetawala kama Firauni toka mnamo 1479 hadi 1458 kabla ya Kristo, habari zake zinasimuliwa vibaya mno mitandaoni. Watu wanasema mtoto wa kambo Thutmose wa Tatu alimchukia akavunja kila kitu siku ya mazishi. Hapana. Kufutwa kwake kulianza miaka kama ishirini baada ya kufa kwake, Thutmose akiwa mzee, hasira gani hiyo inasubiri miaka ishirini? Inaelekea zaidi ilikuwa ni mambo ya urithi, kuinyoosha njia ya mwanawe. Na masanamu yake yaliyofukuliwa Deir el-Bahari miaka ya 1920 mengi yalivunjwa shingoni, kiunoni na magotini na nyuso zikaachwa nzima, utafiti uliochapishwa 2025 unasema huo ulikuwa utaratibu wa kuizima nguvu ya sanamu kabla ya kulitumia jiwe, walifanyiwa hata wafalme waliopendwa. Ila kwenye kuta alifutwa kweli kweli. Pale Karnak kuna ukuta ambao Horus na Thoth wanammiminia maji ya baraka, na katikati badala ya yeye kuna alama za tindo zilizofuata umbo lake lote, kichwa mpaka miguu. Miungu bado inamwaga maji juu ya mtu asiyekuwepo.

Na Taharqa niliyemtaja juu, wa Kush? Mwaka 593 kabla ya Kristo Psamtik wa Pili alipeleka jeshi kusini, na majina ya wafalme wa Kush waliokuwa wameitawala Misri yakafutwa kwenye majengo. Mwaka 2003 karibu na Kerma, Sudan, walifukua shimo lenye masanamu saba ya wafalme wa Kush, Taharqa akiwa mmoja wao, yamevunjwa vipande, na inaaminika ni kazi ya jeshi lile. Hiyo mtu akitaka kuiita siasa ya kufuta kumbukumbu simkatalii, ila waliofanya walikuwa majirani zao wa mtoni.

Waliofuata wana sababu zao. Wezi wa makaburi walivunja uso wa marehemu kabla ya kuiba ili asiwafuate nyumbani. Baadaye Ukristo ukaenea Misri, hieroglifi (zile herufi zao za picha) za mwisho tunazozijua zilichongwa kisiwa cha Philae tarehe 24 Agosti 394, na karne ya 6 kaisari Justinian akalifunga hekalu la Isis lililokuwa pale, sehemu yake ikageuzwa kanisa la Mtakatifu Stefano, misalaba ikachongwa ukutani. Ukifika hekalu la Dendera utamkuta mungu wa kike Hathor kwenye vichwa vya nguzo, mwanamke mwenye masikio ya ng'ombe, nyuso zake nyingi zimedonolewa. Hao Wakristo wa mwanzo hawakuona lile ni jiwe tu. Waliamini mle ndani kuna shetani, wakavunja kwa imani ile ile ya Mmisri kwamba kitu kinapumua. Na ndo maana nikasema shangazi yuko karibu nao.

Ila usiondoke hapa ukidhani kila pua ina mwenye nyundo nyuma yake. Pua imejitokeza, sanamu likianguka kifudifudi ndiyo inayotangulia chini, na miaka elfu tatu ya matetemeko na upepo wa mchanga sio mchezo. Fundi anatofautisha kwa kuangalia jeraha, kama kuna vidoti vya tindo vilivyopangana, kama sehemu laini zaidi imebaki nzima wakati pua imeondoka, kama na jina limeguswa. Bila kuangalia jiwe lenyewe mimi kwenye picha huwa nakataa kusema.

Haya, tuje kwenye kabati lenu. Nitakuwa mkweli, ninavyoona mimi hako kasanamu karibu hakika ni ka juzi. Mtu anayeuza wanafunzi vitu vya "kaburini" mtaani Cairo anauza stori, na pua iliyovunjwa ni sehemu ya stori, wanavunja wenyewe maana wanajua sote tumeona picha. Jaribu haya nyumbani, kwa mkono msafi tu. Kashike asubuhi kabla jua halijapiga, jiwe la kweli ni baridi na zito kuliko unavyotegemea, la unga wa jiwe uliogandishwa kwa gundi linapata joto la mkono haraka. Kapindue uangalie ubavuni na chini ya kiti kwa tochi ya simu, ukiona kamstari kembamba kanakozunguka, ama vitundu vidogo kama vya povu, hako kalimiminwa kwenye kalibu. Angalia pale pua ilipovunjika, kuvunjika kwa zamani kumechakaa na kushika rangi sawa na mwili mzima, kupya kunang'aa, ama ndani kuna rangi nyingine halafu kamepakwa kiwi juu. Kama kuna maandishi, angalia ndege na watu kwenye mstari mmoja, kwa kawaida wote wanatazama upande mmoja, na mafundi wa zawadi huwa wanawachanganya kama dagaa.

Msikaoshe kwa siki wala sabuni, msikachome sindano ya moto kama wanavyofundisha YouTube, na kaka asikabandikie pua kwa supagluu. Kama ni ka bandia hamjapoteza kitu, ila kama kwa bahati ni ka kweli mtakuwa mmekaharibu.

Na uwezekano huo mdogo ndio wenye uzito kisheria. Zamani Misri ilikuwa na wauzaji wenye leseni, lakini Sheria namba 117 ya mwaka 1983 ilipiga marufuku biashara hiyo na kutoa vitu vya kale nje ya nchi. Kwa hiyo aliyemuuzia kaka yako ama alimdanganya ama alimuuzia kitu cha wizi, hakuna njia ya tatu. Kama zile dalili za kalibu mmeziona wazi, kaacheni tu kabatini kama zawadi ya kaka. Kama hamkuziona, na jiwe ni zito baridi na hamuelewi, hapo mimi wa kwenye simu nimefika mwisho, kafungeni kwenye kanga, chukueni na risiti kama ipo, mkienda Dar mpeleke Makumbusho ya Taifa au idara ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaangalie kwa macho. Wakisema ni ka kweli, waambieni ukweli wote kalivyofika na muulize utaratibu wa kukarudisha kupitia ubalozi wa Misri, na ninyi kukapeleka kwa hiari kunawaweka pazuri. Msikatangaze mtandaoni mnauza, na kaka asithubutu kupita nako uwanja wa ndege tena. Baharini hapana, maana kama ni ka kweli mtakuwa mmetupa mali ya watu wengine.

Shangazi usimbishie kwa kumcheka, mtu mzima akiogopa kitu ndani ya nyumba hofu yake ni ya kweli hata kama kitu si cha kweli. Mwambie hivi, kwa dini ya wenyewe walioanzisha mambo haya, sanamu lisilo na pua halipumui, na lisilopumua halifanyi lolote, ndo maana walikuwa wanavunja. Akikubali vizuri. Asipokubali, kahamisheni kakakae kwa kaka, si ndo alikaleta, na shangazi aje alale. Na kama ni wewe au mama ndo hamlali vizuri toka kafike, ongeeni na sheikh au mchungaji wenu, na kukosa usingizi kukizidi wiki kadhaa nendeni hospitali, maana hapo tena habari si ya sanamu.

Ukinitumia picha nipigie ya chini ya kiti na ya pua kwa karibu, mchana nje kivulini bila flashi, na weka sarafu pembeni nijue ukubwa.